Mwisho wa Waya: Bei za Soko Zilivyoingia Kwenye Kompyuta

Alhamisi ya tarehe 24 Oktoba 1929, Soko la Hisa la New York lilifunga biashara saa 9 alasiri kama ilivyokuwa desturi. Tangu asubuhi zilikuwa zimeuzwa hisa karibu milioni 12.9, idadi ambayo soko hilo halikuwahi kuifikia kwa siku moja. Lakini mashine ndogo za kuchapia bei, zilizokuwa kwenye ofisi za madalali katika miji ya Marekani, hazikunyamaza. Ziliendelea kugonga hadi saa 1 na dakika 8 usiku, zikichapa kwenye utepe mwembamba wa karatasi bei za mauzo yaliyokwisha saa nne nyuma. Mtu aliyekuwa Chicago au San Francisco mchana wa siku ile aliushika utepe mkononi akasoma bei iliyokwisha kupitwa, wala hakuwa na namna ya kujua hisa zake zina thamani gani dakika ile. Wengi waliamuru ziuzwe kwa bei yoyote, maana kutojua kuliwatia hofu kuliko hasara yenyewe.

Nyaya za telegrafu hazikukatika siku ile. Umeme ulipita ndani yake kwa kasi ileile ya siku zote. Kilichoelemewa ni mashine ya kupokea, iliyokuwa na gurudumu la chapa lenye mwendo wake na lisiloweza kuongeza hata herufi moja juu ya mwendo huo. Habari za masoko ya fedha huandikwa zaidi kama habari za nyaya: kebo za baharini, setilaiti, nyuzi za kioo zilizofukiwa chini ya milima. Mimi naamini sehemu nzito ya historia hiyo imo katika sentimita chache za mwisho, pale waya unapoingia kwenye mashine ya anayesubiri. Na ndani ya sentimita hizo kuna kifaa ambacho hakijapata haki yake katika vitabu: kadi ya porti ya siriali, iliyokaa nyuma ya kompyuta za miaka ya 1980 na 1990 ikipokea bei za dunia biti moja baada ya nyingine.

Tamaa ya kupata bei mapema ni ya zamani kuliko umeme. Aprili 1850 Julius Reuter alikodi njiwa wa kuziba pengo kati ya Aachen, ulikoishia waya wa kutoka Berlin, na Brussels, ulikoanzia waya wa kwenda Paris. Njiwa walivuka kwa saa mbili hivi, treni ikihitaji zaidi ya saa sita. Pengo lilipozibwa kwa waya, Reuter alihamia London mwaka 1851 akafungua ofisi karibu na soko la hisa. Pwani yetu ya Afrika Mashariki iliunganishwa mwaka 1879, kebo ya kutoka Aden kwenda Durban ilipotia nanga Zanzibar, na mfanyabiashara wa karafuu akaweza kupata habari za London bila kungoja meli.

New York, kabla ya mashine, bei zilibebwa na vijana waliokimbia kati ya soko na ofisi za madalali, karatasi mkononi. Mwaka 1867 Edward Calahan, mtumishi wa kampuni ya telegrafu, alibuni mashine ya kuchapa bei moja kwa moja kutoka kwenye waya, na kwa mlio wake watu wakaiita tika. Ilikuwa na ugonjwa mmoja mbaya. Gurudumu la chapa lilisogea hatua kwa hatua kwa kila mpigo wa umeme, na mpigo mmoja ukipotea, mashine ilitoka kwenye mwendo wa wenzake ikaanza kuchapa upuuzi. Ilibidi fundi afunge safari hadi ofisi ile airekebishe kwa mkono. Thomas Edison, katika mashine yake ya mwaka 1871, aliweka skrubu iliyowezesha kituo kikuu kuzirudisha mashine zote kwenye nukta moja bila mtu kutoka ofisini. Kwangu mimi huo ni miongoni mwa uvumbuzi wake mkubwa, ingawa hausimuliwi kama balbu.

Tiba kamili ya ugonjwa ule ilitoka Chicago mwanzoni mwa karne ya 20. Charles Krum na mwanawe Howard, waliokuwa wakitengeneza mashine za telegrafu zinazochapa, waliipa kila herufi alama yake ya kuanza na alama yake ya kuisha. Mashine ya kupokea ilikaa imetulia hadi iguswe na alama ya kuanza, ikaihesabu herufi ile moja, ikatulia tena kwenye alama ya kuisha. Hata ikikosea herufi moja, ijayo inaanza upya. Utaratibu huo ndio uleule ulio ndani ya porti ya siriali ya kompyuta: biti moja ya kuanza, biti nane za herufi, biti moja ya kuisha, jumla kumi.

Tika ziliongezewa mwendo polepole mno. Baada ya aibu ya 1929 ilikuja mashine ya herufi 500 kwa dakika, na mwaka 1964 ikaja ya herufi 900. Hesabu hiyo ya mwisho ni herufi 15 kwa sekunde, kwa soko lililokuwa kubwa kuliko yote duniani. Wakati huohuo utepe wenyewe ulikuwa umeanza kupoteza kazi. Mwaka 1960 kampuni ya Scantlin ya California ilitoa Quotron, mashine ya mezani ambayo dalali aliibonyezea alama ya kampuni ikamjibu bei yake. Mwaka 1971 likazaliwa Nasdaq, soko lisilo na ukumbi, lililokuwa kompyuta kuu na skrini katika ofisi za madalali. Mwaka 1973 Reuters ikaanza kuonyesha bei za fedha za kigeni kwenye skrini. Bei zilikuwa zimehama kutoka kwenye karatasi, lakini msomaji wake alibaki yuleyule: jicho la binadamu. Makampuni yaliyokodisha mashine hizo hayakukusudia kompyuta ya mteja isome chochote.

Aliyeuvunja mpaka huo ni Thomas Peterffy, Mhungaria aliyezaliwa Budapest mwaka 1944, akaingia New York mwaka 1965 na kujifunza kuandika programu. Baada ya kununua kiti katika soko la hisa la American mwaka 1977, alikuwa akikokotoa thamani halali ya opsheni, zile haki za kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa, na kuingia nayo sokoni ikiwa imeandikwa kwenye karatasi. Hesabu zilihitaji bei mpya kila wakati, na bei zilikuwa ndani ya Quotron. Hakukuwa na tundu la kuzitolea. Basi yeye na wenzake waliikodi mashine, wakaufungua waya, wakaweka kifaa cha kupimia mawimbi ya umeme, wakakaa kuyatazama mapigo na kuyalinganisha na kilichokuwa kikitokea kwenye skrini, hadi wakaijua lugha yake. Tangu hapo bei ziliingia kwenye kompyuta yao zenyewe.

Mwaka 1987 aliirudia kazi hiyo kwa skrini ya Nasdaq. Safari hii kompyuta ya IBM haikuishia kusoma, ilirudisha na maagizo ya kununua na kuuza kupitia waya uleule. Mtumishi wa Nasdaq alipotembelea ofisi yake katika jengo la World Trade Center alikuta skrini moja tu, nyaya zikitoka nyuma yake kuelekea kwenye kompyuta. Alimwambia kwamba kanuni zinataka maagizo yaandikwe kwa kibodi. Peterffy na wahandisi wake walimtii neno kwa neno. Ndani ya wiki moja hivi walitega lenzi kubwa na kamera mbele ya skrini ili kompyuta isome bei kwa macho, na juu ya kibodi wakafunga vidole vya mashine vilivyobonyeza vitufe kwa kasi ambayo hakuna karani angeifikia. Kanuni ilikuwa imetimizwa, na biashara ikaendelea.

Nakisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinaonyesha kizuizi kilikuwa wapi. Bei ilikuwa imekwisha kufika chumbani. Ilikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye kompyuta iliyoihitaji, na umbali huo ndio uliogharimu akili, mikwaruzano na kamera.

Kwa wasiokuwa na wahandisi wa kuwajengea vidole, mlango ulifunguliwa na kompyuta ndogo. IBM PC ilitoka Agosti 1981, na kati ya kadi zilizouzwa nayo ilikuwamo ya mawasiliano ya siriali, yenye chipu ya 8250 kutoka National Semiconductor. Kiwango chake cha umeme na soketi, RS-232, kilikuwapo tangu mwaka 1960. Saa ya kadi ile ilidunda mara milioni 1.8432 kwa sekunde, na ukiigawa kwa 16 unapata 115,200, ambayo ndiyo kasi ya juu kabisa ya porti za kompyuta za aina hiyo hadi leo. IBM yenyewe iliahidi 9,600 tu.

Wauza bei waliona fursa. Huko Omaha, Nebraska, kampuni ya DTN ilianza mwaka 1984 kuwarushia wakulima bei za nafaka na mifugo kwa mawimbi yaliyojificha pembeni mwa matangazo ya redio za FM. Huduma iliyoitwa Signal, iliyouzwa kwa muda na kampuni ya Lotus, ilileta bei za hisa kwa njia hiyohiyo hadi kwenye kisanduku kilichochomekwa nyuma ya kompyuta. Baadaye zikaja dishi za setilaiti juu ya paa. Mtu aliyekuwa nyumbani kwake, mbali na Wall Street, aliweza kuona bei inabadilika muda uleule inapobadilika. Katika miaka mia moja na zaidi tangu Calahan, jambo hilo halikuwahi kumfikia mtu wa kawaida. Na kwa takriban wote hao, bei iliingia kupitia soketi ileile ya pini 25 au 9.

Matangazo ya aina hii yalikuwa na tabia moja ambayo modemu ya simu haikuwa nayo. Mtu anayepakua faili kwa modemu, herufi ikipotea, kompyuta yake huomba irudiwe, na ikizidiwa inaweza kumwambia mwenzake asubiri. Dishi husikia tu, halisemi. Setilaiti inawarushia maelfu kwa wakati mmoja na haimngoji yeyote. Kilichodondoka kimedondoka, hadi hisa ile iuzwe tena na bei mpya ipite hewani.

Hapo ndipo chipu ya 8250 ilipoumbuka. Kwa kasi ya biti 19,200 kwa sekunde, herufi mpya hufika kila mikrosekunde 521. Chipu ile ilikuwa na nafasi ya kushika herufi moja iliyokamilika huku nyingine ikiundwa. Ilipokamilisha herufi, iliikatiza prosesa kazi yake na kuidai ije kuichukua. Wanaojua mafundi wanavyorushiana matofali kwenda ghorofani watalielewa hili mara moja: anayepokea lazima alikabidhi tofali la kwanza kabla la pili halijafika, na akigeuka kidogo kumsikiliza mtu, tofali liko chini. Prosesa ya IBM PC ya kwanza, iliyodunda mara milioni 4.77 kwa sekunde, ilikuwa na midundo isiyofika 2,500 kati ya herufi na herufi, na amri moja hula midundo kadhaa. Ikiwa wakati huo inaandika kwenye diski, au programu imezima kukatizwa ili imalize jambo lake, herufi ijayo ilikuja kukalia ile iliyokuwa haijachukuliwa.

Tuchukulie bei iliyokuwa ikija ni 112 na sehemu 3 kwa 8. Herufi ya kwanza ikifutika, inabaki 12 na sehemu 3 kwa 8. Watengenezaji makini waliambatanisha kwenye kila ujumbe namba ya kuuhakiki, kwa hiyo ujumbe uliochanika ulitupwa wote. Hilo lilizuia bei ya uongo, lakini bei ya zamani ilibaki kwenye skrini kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hisa inayouzwa kila sekunde si neno. Kwa opsheni inayouzwa mara chache kwa siku, mtu angeweza kushinda akiitazama bei iliyokufa asubuhi. Chipu yenyewe haikuficha kosa: iliwasha biti moja katika rejista yake ya hali kusema kwamba herufi imepotea. Lakini biti ile hufutika mara rejista inaposomwa, na kama mwandishi wa programu hakuandika mstari wa kuihesabu, ushahidi ulikwenda nayo. Mali bila daftari huisha bila habari, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa bei hizi.

Jumatatu ya tarehe 19 Oktoba 1987 iliwaumbua wote, wakubwa kwa wadogo. Kipimo cha Dow Jones kilianguka pointi 508, sawa na asilimia 22.6, anguko kubwa kuliko yote ya siku moja kwa asilimia hadi sasa. Hisa zilizouzwa New York zilifika milioni 604. Utepe, ambao sasa ulikuwa wa kielektroniki, ulichelewa kwa zaidi ya saa moja. Ndani ya ukumbi wa soko maagizo yalifika kwa kompyuta lakini yalitakiwa yachapwe kwenye karatasi mbele ya wauzaji, na mashine za kuchapia zikashindwa kwenda na wingi wake. Kompyuta kuu zilikuwa na uwezo, ila foleni ilijaa pale karatasi ilipokuwa ikitoka. Tika ya 1929 ilikuwa imeshindwa kwa namna hiyohiyo.

Mwaka huohuo IBM ilitoa kompyuta za PS/2 zenye chipu mpya ya siriali, 16550. Ilikuwa na foleni ya ndani ya herufi 16. Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro, foleni haikuaminika, na lililoleta raha ni 16550A. Katika foleni ile, chipu huweza kusubiri hadi herufi 14 zijae ndipo iikatize prosesa, ambayo huja mara moja na kuzichota zote. Hata kwa kasi ya 115,200, ambapo kila herufi huchukua mikrosekunde 87, prosesa hukatizwa kila mikrosekunde 1,200 hivi badala ya kila 87. Herufi 16 ni pungufu ya nusu mstari wa ukurasa huu. Sijui badiliko jingine dogo kiasi hicho lililookoa bei nyingi kama hilo.

Tena lilikuwa badiliko ambalo mtu aliweza kulifanya kwa mikono yake. Katika kadi nyingi chipu ilikaa kwenye soketi ya miguu 40, na 16550A ilikubali kukaa mahali pa ile ya zamani. Ulizima kompyuta, ukafungua kifuniko, ukagusa chuma kutoa umeme wa mwilini, ukaingiza bisibisi bapa chini ya chipu upande mmoja kisha upande wa pili, kidogo kidogo ili miguu isipinde. Ukaangalia alama ya nusu duara kichwani ielekee kulekule ilikoelekea ya kwanza. Ukabonyeza. Baada ya hapo programu ya bei iliyokuwa ikipoteza herufi kila diski inapozunguka ilitulia.

Iliyoharibu raha hiyo ni Windows 3.1, iliyotoka mwaka 1992. Kila mwenye kufuatilia masoko aliitaka, kwa sababu iliweza kuonyesha grafu kadhaa kwa pamoja. Lakini kuhama kutoka programu moja hadi nyingine kulichukua muda mrefu, na porti ilisubiri. Kwenye paneli yake kasi iliishia 19,200. Mara nyingi ilimbidi mtu afungue faili la SYSTEM.INI na kuandika kwa mkono COM1FIFO=1 ili foleni ya chipu itumike. Kulikuwa na mtego mwingine wa kadi za enzi ile: porti ya kwanza na ya tatu ziligawana njia moja ya kuikatizia prosesa, ya pili na ya nne vivyo hivyo. Aliyechomeka panya kwenye ya kwanza na dishi kwenye ya tatu angeweza kuona bei zinasimama kila anaposogeza panya, na akailaumu kampuni ya bei kwa kosa lililokuwa ndani ya sanduku lake mwenyewe.

Ndipo kadi za kasi zikapata soko. Hayes, kampuni iliyojulikana kwa modemu, ilitengeneza kadi iliyoitwa ESP yenye foleni ya herufi 1,024. Kwa kasi ya 115,200 hiyo ni karibu milisekunde 89 za kuvumilia, muda ambao hata Windows ingeweza kuutumia kwa mambo yake na kurudi kabla chombo hakijafurika. DigiBoard ya Minnesota ilienda mbali zaidi: kadi zake kubwa zilikuwa na prosesa na kumbukumbu zao, zikipokea porti nane au zaidi kupitia kebo moja nene iliyogawanyika mwishoni kama mkono wenye vidole vingi. Prosesa ya kadi ilikusanya herufi, ikazipanga kwenye kumbukumbu ambayo kompyuta iliisoma kwa nafasi yake. Ofisi iliyopokea hisa kutoka kwa kampuni moja, fedha za kigeni kutoka kwa nyingine na habari kutoka kwa ya tatu ilihitaji kadi ya namna hiyo, la sivyo ingenunua kompyuta kwa kila waya. Na pale dishi lilipokuwa mbali, RS-232 haikutosha, kwa kuwa kwa kawaida huaminika hadi mita 15. Walitumia RS-422, inayofika hadi mita 1,200.

Ninavyoona, wazo lililokuwa ndani ya kadi hizo ndilo lililobaki baada ya kadi zenyewe kuondoka. Wazo hilo ni kwamba prosesa kuu isiaminiwe kupokea. Ina mabwana wengi. Kazi ya kusimama mlangoni ipewe kifaa kisicho na kazi nyingine.

Kuondoka kwenyewe kulikuwa kwa haraka. Katikati ya miaka ya 1990 ofisi zilihamia Ethernet na nyumba zikaanza kupata intaneti. Januari 2001 Soko la New York liliacha bei za sehemu za dola na kutumia senti kwa hisa zote, na Nasdaq ikafuata Aprili. Hatua za bei ndani ya dola moja zilitoka 16 zikawa 100, kila hatua ikiwa ujumbe wa kutuma, na kompyuta za kununua na kuuza zikaongeza zake. Hakuna porti ya siriali ambayo ingeyabeba hayo yote. Kwetu enzi hiyo ilipita pembeni. Soko la Nairobi lilikuwa bado la kupaza sauti ukumbini hadi Septemba 2006, na lilipoacha, liliingia moja kwa moja kwenye kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao. Madalali wa Nairobi hawakuwahi kung'oa chipu ya miguu 40 ili waipate bei ya hisa.

Mwaka 2010 kampuni ya Spread Networks ilimaliza kuchimba njia ya kebo ya kilomita 1,331 kutoka Chicago hadi New Jersey, ili kupunguza milisekunde chache za safari, na magazeti yaliiandika sana. Yaliyokuwa yakifanyika mwisho wa kebo ile hayakupata kurasa nyingi hivyo. Huko bei hupokelewa na kadi za mtandao zenye chipu zinazoweza kupangwa upya, zinazosoma ujumbe, kuchagua hisa zinazotakiwa, na nyingine kutuma agizo zenyewe bila mfumo wa kompyuta kujua kwamba kuna kilichofika. Mwenye DigiBoard yake ya mwaka 1990 angeelewa mpangilio huo bila kufundishwa. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema ni uvumbuzi wa karne hii. Ni kadi ya siriali iliyoongezewa kasi.

Nayo porti ya zamani haijafa. Seva nyingi za vyumba vya data bado zinayo, na mojawapo ya kazi zake ni kupokea kutoka kwenye saa ya setilaiti mpigo mmoja kila sekunde, kupitia pini iliyokuwa ikimwambia mtu kwamba modemu imepata laini, ili saa ya seva ilingane na saa ya dunia. Tangu Januari 2018, kanuni za Umoja wa Ulaya zinayataka makampuni yanayofanya biashara kwa kasi kubwa kuhakikisha saa zao hazitofautiani na saa ya dunia kwa zaidi ya mikrosekunde 100. Herufi moja kwenye porti ya 115,200 huchukua mikrosekunde 87.